Bando linaamua watu wajifunze nini: niendelee na video au nibadili njia?

Fundi wa Chang'ombe aliandika:

Habari zenu wakuu. Naomba mawazo kwa wenye uzoefu wa mtandao, hasa mlioko huku kanda ya kati. Nataka hoja, hata kama ni kali.

Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kipo Chang'ombe hapa Dodoma mjini. Nafundisha kukata na kushona kwa Kiswahili, video naziweka YouTube. Narekodi kwa simu, nahariri kwa simu hiyo hiyo, na bando nalinunua kwa hela ya cherehani. Mada zangu ni zile wasichana wanazoniuliza kibandani: kumpima mteja mnene ili nguo isimbane kwapani, kukata mkono wa puto, kuweka zipu ya kuficha kwenye gauni la kitenge bila maua kupishana mgongoni, kuunga bitana. Mimi vitu hivi nilivipata kwa mafundi wa Nigeria na Ghana. Wanaeleza kwa Kiingereza, narudisha nyuma kipande kimoja tena na tena mpaka nione mkono unafanya nini. Nikaona mtoto wa Bahi au Mpwapwa aliyeishia darasa la saba asipitishwe njia hiyo. Ufundi huu uwepo kwa lugha aliyosomea.

Sasa shida iko hapa. Video ya zipu ina dakika kumi. YouTube inanionyesha watazamaji wanaondoka wapi, na wengi wanaondoka kabla ya dakika ya tatu, yaani kabla zipu haijagusa kitambaa. Nikawauliza wale ninaowafahamu kwa WhatsApp. Mmoja: "Dada bando lilikata." Mwingine: "Niliangalia mpaka ulipochora mstari, nikaona MB zinaenda, nikaacha nibakize za kuongea na mteja." Wa tatu akaniambia kitu kilichoniuma zaidi: "Tutumie kwa sauti tu dada, ya picha tutabahatisha."

Basi nikaanza kutuma WhatsApp. Picha ya kitambaa yenye mishale niliyochora kwa kidole, na sauti ya dakika moja inayoeleza. Wengi wao wananunua bando la WhatsApp peke yake kwa sababu ndilo la bei ndogo, kwa hiyo picha na sauti vinawafikia na wanashona kweli, wananirudishia picha za kazi zao. Nafurahi. Lakini nikikaa nikatafakari naumia, kwa sababu elimu ile imeingia kwenye kundi la watu wachache na imefungwa humo. Msichana wa Kondoa ambaye hanijui, akiandika kwenye Google "jinsi ya kuweka zipu ya kuficha", hatakuta sauti zangu. Akiingia mtu mpya kundini anauliza lile lile, naeleza upya. Nikipoteza simu, imepotea. Na mafundi wengi wa Kiswahili ninaowajua wanafanya hivi hivi. Wapo wa keki, wa nywele, wa kuchomelea mageti, wa kutengeneza majiko ya mkaa, wote wamo kwenye makundi ya WhatsApp. Halafu tunalalamika Kiswahili hakina kitu mtandaoni.

Upande wangu nao una gharama. Kwa sasa bando ninalolimudu ni la 2,000, linanipa MB 800, muda ukiisha kilichobaki kimekwenda. Video ikiwa safi, chaki inaonekana vizuri, ni nzito. Nikiipunguza uzito, chaki inafifia. Kuna wiki napiga hesabu nakuta bei ya kupakia video mbili ni bei ya zipu na uzi wa gauni zima.

Naomba kujua: kwa nini data iko ghali hivi wakati tunaambiwa mkongo wa intaneti umepita Dodoma? Mzigo mkubwa unabebwa na nani, mimi au anayeangalia? Na kwa hali hii niendelee na video ndefu, au nihamie kwenye kitu kingine ambacho mtu mwenye bando la 500 anaweza kukimaliza? Natanguliza shukrani.


Mtu wa Nyaya aliandika:

Fundi, salaam. Nimefanya kazi za mitandao miaka mingi, naishi Area D hapa hapa Dodoma. Nitajibu la pili kwanza kwa sababu ndilo lenye ufunguo.

Chukua hesabu yako mwenyewe. 2,000 kwa MB 800 ni shilingi mbili na nusu kwa MB. Video ya dakika kumi yenye ubora wa 720p (namba hiyo ikipanda, picha inakuwa safi na nzito zaidi), ukiitoa kwenye programu ya kuhariri kwa kiwango cha megabiti 5 kwa sekunde ambacho YouTube wenyewe wanakipendekeza, ni kama MB 375, maana megabiti nane ni MB moja. Kuipakia kunakugharimu kama shilingi 940. Unalipa mara moja tu. Mtazamaji anayeangalia kwa 360p anakula kama MB 50, shilingi 125. Wakiimaliza watu 2,000, kwa pamoja wametoa 250,000. Na bado matangazo yanayotangulia video nayo yanakula MB za mtazamaji. Kwa hiyo wewe umetoa chini ya 1,000, wao wametoa robo milioni. Mzigo uko kwao, na wao ndio wenye kipato kidogo kuliko wewe.

Sasa bei. Hadi 2009 nchi yetu ilitegemea setilaiti kutoka nje, na bei yake kila aliyekaa kwenye intaneti kafee anaikumbuka. Julai 2009 ukafika Dar es Salaam mkongo wa baharini wa SEACOM, mwaka uliofuata EASSy. Bei ya jumla ikashuka sana. Kutoka pwani mawasiliano yanapanda huku kwa Mkongo wa Taifa, zaidi ya kilomita 400 kufika Dodoma. Hivyo ni kweli nyuzi zimepita mjini kwetu. Lakini wewe hununui kwenye mkongo, unanunua kwenye mnara. Kutoka kwenye mkongo hadi kwenye simu ya mtu wa Bahi kuna mnara, umeme wa mnara au sola na jenereta pale gridi isipofika, ulinzi, ada ya masafa ya redio na vifaa vyote vinavyoagizwa nje kwa dola. Mnara wa kijiji chenye watu mia tatu wenye simu janja haupungui gharama sana kuliko mnara wa Majengo hapa mjini wenye maelfu. Ndiyo maana ukaundwa Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, kutoa ruzuku ya minara sehemu ambazo kampuni haioni faida.

Halafu kodi. Ushuru wa bidhaa kwenye huduma za mawasiliano ni kama asilimia 17, juu yake VAT asilimia 18. Ukilipa 1,000, kama 720 ndiyo ya huduma, 280 hivi ni kodi hizo mbili. Sisemi kodi zifutwe, barabara na shule zinajengwa kwa hizo. Nasema anayepanga kodi ajue kwamba kwa mwanafunzi wako kila MB nne anazolipia, zaidi ya moja ni kodi.

Jambo jingine ni utegemezi. Mei 2024 mikongo ya SEACOM na EASSy ilikatika baharini huko kusini na nchi nzima ikapoa. Tuna njia chache, na njia zikiwa chache hakuna wa kuishusha bei kwa haraka.

Kamisheni ya Broadband ya Umoja wa Mataifa iliweka lengo kwamba hadi 2025 huduma ya kuanzia ya intaneti isizidi asilimia 2 ya wastani wa pato la mwezi la mtu. Shida ya wastani ni kwamba unamchanganya mfanyakazi wa ofisi za serikali kule Mtumba na binti anayeshona viraka Mpwapwa. Nchi inaweza kufikia lengo kwenye karatasi na mwanafunzi wako bado akaacha video dakika ya tatu.


Binti wa Manyoni aliandika:

Shikamoo dada fundi. Mimi ni mwanafunzi wako usiyenijua, nipo Manyoni.

Video zako nazijua zote, ila labda kwenye hesabu za YouTube mimi sionekani. Karibu na stendi kuna kaka ana kibanda cha kuingiza nyimbo na filamu kwenye memori kadi na flashi. Unampa memori, unamwambia unataka nini, unalipa kwa kadiri ya ulivyojaza. Yeye anakwenda kupakua sehemu yenye waifai. Nilimpa jina la chaneli yako, akaja nazo zote. Mimi nikamrushia mwenzangu kwa Xender, ile programu ya kurushiana mafaili bila bando, naye akawarushia wengine. Kwenye chumba tunachojifunzia cherehani tuko kadhaa na wote tuna mkono wa puto wako kwenye simu.

Kabla ya hapo nilikuwa naangalia mwenyewe mtandaoni kwa 144p. Dada, kwa 144p chaki yako haionekani. Kwenye ile ya mkono wa puto ulichora kwa chaki ya njano kwenye kitenge chenye maua ya njano, nikawa naona mkono wako unatembea tu, sijui mstari umepita wapi. Nilikata kwa kufuata mkono, kwapa likatoka dogo. Kwenye memori kadi ndipo nikaona kumbe ulikunja kitambaa mara mbili kabla ya kukata.

Na kitu kingine. Mimi nikiwa na bando siangalii mtu nisiyemjua. Naogopa. Mtu anaweza kusalimia dakika mbili, anaomba tubonyeze kengele, anasimulia safari yake, na bando linaenda. Naangalia wale ninaojua watafika kwenye kazi. Wewe nilikuamini kwa sababu mwenzangu alishona mbele yangu kwa kukufuata wewe.

Usiache video. Ila za kuchora na kukunja ndizo tunazihitaji zaidi, vipimo hata ukiandika tunasoma.


Fundi wa Chang'ombe aliandika:

Marahaba mdogo wangu. Umenifundisha jambo ambalo takwimu zote za chaneli hazinionyeshi. Kwa hiyo mnaangalia, na mnashona, na mimi kwenye kioo changu naona video imekufa dakika ya tatu.

Mtu wa Nyaya, asante sana kwa hesabu. Ile ya robo milioni nimeisoma kwa sauti hapa kibandani na wateja wameshtuka. Sasa unganisha na alichosema huyu binti, kwamba akiwa na bando haangalii asiyemjua. Hapa ndipo mimi naona jeraha lenyewe. Data ikiwa ghali, mtu hajaribu. Mtazamaji hajaribu fundi mpya, anarudi kwa yule yule aliyemzoea. Na fundi mpya hajaribu kurekodi, kwa sababu video za kwanza za kila mtu zinakuwa mbovu, na hakuna anayetaka kulipia bando ili kupakia ubovu wake. Wale wenzetu wa Lagos ninaowafuata mimi, ukirudi nyuma kwenye chaneli zao ukaangalia video zao za awali, utaona picha inatikisika, sauti ya jenereta imejaa. Walipata nafasi ya kuwa wabovu mbele ya watu mpaka wakawa wazuri. Wasichana wangu watatu ninaowafundisha kibandani wanajua kueleza kuliko mimi. Nikiwaambia warekodi, wa kwanza kuuliza anauliza bando atampa nani.

Kwa hiyo kila mtu akiniambia Kiswahili hakina maudhui ya ufundi kwa sababu watu wetu hawapendi kuandika wala kurekodi, siwezi kukubali. Nakaa nao. Wanapenda mno.

Na suala la kibanda cha memori kadi, mimi sina ugomvi na yule kaka wa stendi, amewafikishia. Lakini kwa video ndefu YouTube wanaanza kukulipa hela ya matangazo ukifikisha wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kuangaliwa ndani ya mwaka, na malipo hayatoki mpaka yafike dola 100. Saa zote mlizoniangalia kwenye memori hazimo. Fundi wa Dodoma anaweza kuwa anafundisha nusu ya mkoa wa Singida na kwa hesabu za mtandao akaonekana hana mtu.


Mkazi wa Kisasa aliandika:

Dada nakuheshimu, ila tuwe wakweli. Bando lipo. Siku ya mechi ya Simba na Yanga mtandao unaelemewa kwa watu wanaoangalia. Vichekesho vinafikisha milioni. Vijana wanapitisha vipande vifupi usiku kucha. Mtu akitaka kitu analipia. Labda maudhui ya kujifunza hayajatengenezwa kwa mvuto, tusisingizie bei.


Fundi wa Chang'ombe aliandika:

Kaka wa Kisasa, ni kweli watu wanaangalia mechi, na wakiangalia wanajua wanachonunua. Dakika tisini, timu wanaijua, hata ikifungwa wamepata walichofuata. Kichekesho cha sekunde thelathini kikiwa kibaya umepoteza MB tatu. Somo la dakika kumi kutoka kwa mtu usiyemjua likiwa baya umepoteza hamsini na kitambaa umekikata vibaya. Mwenye fedha ndogo anaiweka pale pasipo na hatari, na hapo hana kosa. Wewe mwenyewe naamini nyumbani kwako mtaa wa Kisasa una waifai ya mwezi. Video mbaya unaifunga unafungua nyingine, hujui hata kama umelipa. Huyo ndiyo mtazamaji anayeweza kumpa nafasi fundi mpya, na huku kwetu hayupo.

Ila kuhusu mvuto nimekusikia. Salamu ndefu nitazitoa.


Mzee wa Kibaigwa aliandika:

Binti yangu, habari za kazi. Nilikuwa mwalimu, sasa nimestaafu, nipo Kibaigwa karibu na soko la mahindi. Nina mazoea ya kuchangia makala kwenye Wikipedia ya Kiswahili, kwa hiyo nitasema kwa upande wa maandishi.

Mjadala mzima mmeujenga juu ya video kama vile mtandao ni video. Makala ya maneno elfu moja na mia tano, herufi zake zote hazifiki kilobaiti ishirini. Weka picha sita za kitambaa zilizopunguzwa vizuri, kila moja kilobaiti sitini. Jumla haifiki nusu MB. Kwa MB 50 za video yako moja, msichana wa Manyoni angefungua kurasa mia moja. Na ukurasa una jambo ambalo video na sauti havina: Google inausoma neno kwa neno. Aliyeandika "zipu ya kuficha kwenye kitenge" anaukuta, leo na miaka mitano ijayo. Anaweza kuupiga picha, akauchapisha steshenari, akaubandika ukutani juu ya cherehani.

Gharama ya mtandao na lugha yetu zina historia ndefu. Blogu za mwanzo za Kiswahili zilipoanza, mojawapo ilikuwa Jikomboe ya Ndesanjo Macha, ambaye alikuwa Marekani. Sioni ajabu. Huku wakati ule tulilipia intaneti kafee kwa nusu saa, na nusu saa inatosha kusoma barua pepe, haitoshi kuandika kitu cha maana. Aliyekuwa na mtandao mezani usiku na mchana ndiye aliyeweza kukaa akaandika. Wenzetu wengi walifuata baadaye bei iliposhuka. Halafu ikaja gharama ya namna nyingine. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 ziliweka kwa wenye blogu na runinga za mtandaoni ada ya maombi 100,000, leseni ya kuanzia 1,000,000 na 1,000,000 nyingine kila mwaka. Ada hizo zilipunguzwa baadaye, lakini blogu nyingi zilizofungwa wakati ule hazikurudi, na waliokuwa waandishi wake wakahamia kwenye makundi, ambako ndiko na wewe umesukumwa sasa kwa sababu ya bando.

Nakushauri kila video uiandikie ukurasa wake. Vipimo, hatua, picha. Video ibaki kwa mwenye uwezo wa kuifungua.


Fundi wa Chang'ombe aliandika:

Shikamoo mzee wangu. Nimekuelewa na sehemu kubwa nakubali. Vipimo vyote vinaweza kuandikwa, na ukweli vinaeleweka zaidi vikiandikwa. Upana wa bega, urefu wa kiuno, nyongeza ya inchi moja na nusu kwa ajili ya kupumua, hivi mtu anataka kuvirudia, na kwenye video kuvitafuta ni kazi.

Lakini kuna mahali maneno yananishinda. Zipu ya kuficha ina meno yanayojikunja kuelekea ndani. Kabla ya kushona unayafungua kwa kucha ya kidole gumba cha kushoto, unayalaza, huku mkono wa kulia unasogeza kitambaa bila kukivuta. Ukivuta, gauni likivaliwa mgongo unafanya mawimbi. Nimeeleza kwa sauti mara nyingi na wasichana wananijibu "ndiyo dada", wakileta kazi mawimbi yapo. Wakiona kidole changu mara moja, wanapata. Picha haionyeshi kuvuta na kutovuta. Kwa hapo siwezi kuiacha video.

Nikiwaunganisha nyote, naona hivi: vipimo na hatua kwenye ukurasa wa maandishi na picha, na kile kitendo cha mkono peke yake kiwe kipande kifupi, sekunde arobaini, kinachotosha kutumwa hata WhatsApp. Mtu wa Nyaya, kipande kama hicho kinaweza kuwa MB ngapi chaki ikiwa inaonekana?


Mtu wa Nyaya aliandika:

Sekunde arobaini kwa 480p ni kama MB 6. Kwa bei ya bando lako ni shilingi 15. Hata mwenye bando la 500 anamudu, na anaweza kukirudia bila kukilipia tena akikihifadhi kwenye simu.

Kuhusu chaki, una uwezo wa kusaidia mwenyewe kabla ya kurekodi. Video haitunzi kila picha nzima nzima. Inatunza picha moja, kisha mabadiliko tu mpaka inayofuata. Kitu kisichosogea karibu hakiongezi uzito kabisa. Kwa hiyo simu ikitikisika, picha nzima imebadilika na uzito wote umeishia kwenye kutikisika. Nyuma yako pakiwa na vitenge vya maua vinavyopepea kwa upepo wa mlangoni, MB zinakwenda kwenye vitenge na mkono wako unabaki na ukungu. Ifunge simu kwenye stendi, ielekee chini mezani. Meza ifunikwe na kitu cha rangi moja. Fundishia kwa kitambaa cheusi au bluu ya giza kisicho na maua, chaki nyeupe, mstari mnene. Karibia mpaka mikono miwili ijaze kioo. Ukifanya hivyo, hata yule binti akifungua kwa 240p mstari atauona.

Mzee wa Kibaigwa amesema vizuri kuhusu maandishi, naongeza tahadhari moja. Tovuti nyingi za Kiswahili zinajengwa kwa violezo vizito vya bure, yaani miundo ya kurasa iliyotengenezwa tayari. Makala ina aya nne, ukurasa unapakua MB tatu za mapambo na matangazo, na seva yenyewe iko Ulaya. Ukitengeneza ukurasa uwe mwepesi kweli. Oktoba 2014 Facebook na Tigo, ambayo leo ni Yas, walileta Internet.org hapa nchini, tovuti chache zilizofunguka bila bando, na sharti lilikuwa kurasa ziwe nyepesi. Sikupenda kampuni moja ichague watu wasome nini, ila ilionyesha kwamba kurasa za maana zinaweza kuwa nyepesi mtu akiamua.


Binti wa Manyoni aliandika:

Dada, mkianza naomba ukurasa uwe na sehemu ya kuupakua mzima pamoja na vile vipande vifupi, kwenye faili moja. Nitampelekea kaka wa stendi auweke kwenye kibanda chake, awape na wengine. Na uandike juu yake jina lako na namba ya kibandani, ili wanaopata kwa memori wajue ni kazi ya nani na wenye uwezo wakuchangie hata kwa simu.


Fundi wa Chang'ombe aliandika:

Hilo la faili moja nalichukua kama lilivyo. Nitaanza na zipu, kwa sababu ndiyo inayoulizwa kila wiki, kisha mkono wa puto niurekodi upya kwa kitambaa cheusi. Wasichana wangu watatu nimewapangia kila mmoja ukurasa wake, mmoja kola, mmoja bitana, mmoja suruali ya shule, na picha watapiga wao. Kuandika hakuli bando, wataandika jioni tukifunga.

Mzee wangu, nikimaliza wa zipu nitakutumia unisomee Kiswahili kabla haujatoka, kama hutajali. Mtu wa Nyaya, ulisema ukurasa uwe mwepesi. Kutengeneza mimi sijui. Kuna mtu wa kunielekeza hapa Dodoma, hata mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), tukakubaliana malipo?


Mtu wa Nyaya aliandika:

Wapo, pale chuo wanaosoma kompyuta ni wengi na wanatafuta kazi za kuonyesha. Nitakuunganisha na mmoja kwa ujumbe wa pembeni. Mwambie mapema kwamba ukurasa mzima na picha zake usizidi nusu MB, na aujaribu kwa simu ya bei ya chini akiwa Bahi, asiujaribu kwa waifai ya chuo. Picha usizipunguze mwenyewe, mpe zikiwa kamili azipunguze yeye, maana mstari wa chaki ukishapotea kwenye picha haurudi.